Kati ya La na Si

Okumba alinigeuza nitazame ukuta,
trei za mayai zilizobandikwa kwa gundi ya viatu,
nisione kioo cha kompyuta, nisisome jina la faili.
"Sikiliza tu, Mama Nafuna. Ipi pumzi, ipi mashine?"
Chini yetu, hapa Kibuye, kinu cha posho kilikuwa kikisaga;
tukangoja mteja wa mwisho afunge gunia.

Kikanyamaza.

Ya kwanza.
Klarineti ikapanda kutoka sol hadi la,
laini, kama mkono uliopakwa mafuta kabla ya kuvikwa bangili.
Sikusema kitu. Sol hadi la ni kidole kimoja,
hata mtoto wa darasa la nne hakosei.
"Nipeleke kwenye si," nikamwambia. "Nivushe."

Wasiopuliza hawajui habari za mahali hapo.
La unaishika kwa kidole kimoja, bomba zima li wazi;
si inataka mikono yote miwili,
matundu yote yazibwe kwa pigo moja,
na gumba huko nyuma lizibe tundu lake
huku likibonyeza ufunguo.
Na kwa lugha yetu zote mbili ni kukana:
la, na si.
Sajini Rapemo wa bendi ya magereza alipenda kutuambia,
"Akanaye mara mbili bila kigugumizi, huyo ndiye mpulizaji."
Miaka kumi na tisa nilikifukia kigugumizi hicho,
alfajiri, kwenye stoo ya sare, mwanzi mdomoni,
la-si, la-si, la-si,
mpaka mbwa wa lindo wakachoka kunibwekea.

"Ya pili," akasema Okumba.
La... si.
Pale katikati palikuwa na kitu, kwikwi ndogo ya hewa:
kidole cha pete cha mkono wa kulia kilichelewa kufika.
Nikautabasamia ukuta. "Huyu ni mtu.
Vidole vimeshikwa na baridi, au ana deni."

"Ya tatu."
La si.
Hakuna mshono. Maji yamehama bilauri hadi bilauri
na meza haikulowa.
"Hii ni mashine," nikasema, "tena ya bei."

Akakaa kimya. Kiti chake kikalia.
"Hiyo ni wewe, Mama. Mwezi wa nne,
ile siku ya mvua ya mawe."

Nilitaka kucheka, nikajikuta napangusa miwani.
Kumbe wakati nafukia kigugumizi
nilimfukia na mwenyewe.

"Na ya pili ni nani?"
Hamjui jina. Mpulizaji wa nchi ya mbali,
aliyefungiwa chumbani siku nyingi akivuka noti mbili-mbili,
kila jozi ikakatwa, ikawekwa akiba kama mbegu.
"Irudie."
La, kwikwi, si.
"Tena."
La, kwikwi, si.
"Tena."
Kidole cha pete kilichelewa vilevile,
kwa urefu uleule, kwa baridi ileile,
kama shahidi aliyefunzwa la kusema mahakamani.
"Haya, si mtu," nikasema.
"Ni mahali mtu alipopita."

Okumba akanipa karatasi, niandike alama kati ya kumi.
"Usijisumbue sana, ni tangazo la unga tu," akasema.
Mashine nikaipa saba.
Mimi nikajipa sita na nusu,
nikaifuta ile nusu.

Kisha nikafungua sanduku, nikalowesha mwanzi.
Nina miaka sitini na miwili, na baridi yabisi
imeshaanza kwenye vidole viwili vya kulia.
La—
kinu kikanguruma chini, sakafu ikatetemeka,
na si yangu ikatoka imepinda, imechelewa,
ikatafuta pa kusimama, ikapapata.

Okumba alikuwa hajawasha mtambo wa kurekodi.