Hesabu ya Vyungu

Darasa halina mlango; tuliuchoma juzi, tukaota moto.
Ubaoni zimebaki herufi za watoto,
na Luteni Stroud amekalia kidawati,
magoti yamemfika kidevuni.
Mimi nimesimama katikati:
Noh Chang-uk, mkalimani.
Kichina nilikiokota Andong, kwenye kinu cha soya,
Kiingereza kwa wamisionari waliotaka niimbe.
Nalipwa mchele, debe moja kwa mwezi.

Mateka ameletwa bila viatu.
Miguu imefungwa vipande vya gunia,
vidole viwili vya kushoto vimekuwa vyeusi
kama mkaa wa jana.
Anaitwa Qiao Shuntian. Jina alilitoa bure.
Rejimenti gani? Sijui.
Kamanda wako? Kamanda ni kamanda.
Mlivuka mto siku gani? Siku ya baridi.
Luteni anavunja penseli, anachonga nyingine.
Swali linaondoka kwa Kiingereza, linafika kwa Kichina,
jibu linarudi mikono mitupu.
Saa nzima nimekuwa daraja lisilopitwa na mtu.

Kisha Luteni, kwa uchovu tu, akacheka:
"Mwambie tunajua. Wanakula unga mkavu na theluji,
kama punda."
Nikamwambia.
Ningejua, ningemeza.

"Punda?" Qiao akainua uso.
"Mimi ni mpishi.
Nilipika harusi Luzhou huyu hajaota ndevu!
Unga mkavu ni wa njiani, ndege zikiwa juu, moshi ukiwa haramu.
Lakini usiku, kule bondeni,
tunachimba jiko refu ardhini,
moshi utambae chini kama nyoka aliyeshiba,
na mtama unachemka, na pilipili ya nyumbani
niliyoificha kwenye soksi miezi minne.
Kila kombania na chungu chake, cha chuma, upana huu,"
akataka kupanua mikono, kamba ikamzuia,
"kila chungu na mpishi wake, na mimi mkubwa wao.
Vyungu kumi na vinne tulivuka navyo.
Viwili vilizama, barafu ilipasuka.
Nililia. Watu sikuwalilia, vyungu nililia."

Luteni hakuelewa neno,
ila aliuona mwanga usoni pa yule mtu,
na penseli ikanigeukia.

Husemwa ulimi hauna mfupa.
Wangu ulikuwa nao; niliusikia ukigoma.
Kumi na viwili.
Ningeweza kusema vitano.
Ningeweza kusema, anatukana tu.
Nani angenipinga, ukuta?
Nikakumbuka debe la mchele.
Nikakumbuka ng'ombe wa shangazi yangu,
aliyechinjwa na wenzake Qiao, au na wenzake Luteni,
usiku ule hatukuona kofia.
Nikasema kumi na viwili.

Aliandika kwa mwandiko safi, wa mwanafunzi bora:
12 × 120.
Akapiga mstari chini yake.
Akainua simu ya waya, akasoma jumla,
akasema bonde, akasema jiko, akasema leo usiku.

Qiao alipewa sigara. Aliivuta kwa adabu,
kama mtu aliyesifiwa mapishi yake.
"Umemwambia nini?"
"Nimemwambia wewe ni mpishi."
Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.
"Na pilipili? Umemwambia ya pilipili?"
"Bado."

Usiku ndege zilipita juu ya shule, chini sana,
herufi za watoto zikamwaga vumbi la chaki.
Kule uani, nyuma ya seng'enge,
Qiao alihesabu milipuko kwa sauti, taratibu,
kama anayehesabu wageni ili ajue akoroge kiasi gani.
Alipofika saba alinyamaza
akageuka, akaanza kunitafuta kwa macho.
Nilikuwa nimeinamia kikombe,
kahawa niliyopewa na Luteni kwa kazi nzuri.
Chungu.