Swali la Nne

Swali la nne lilikuwa neno moja tu: treili.
Eleza maana yake. Tunga sentensi. Alama tano.
Tulikuwa kumi na wanane katika ukumbi wa kanisa, Shinyalu,
mvua ya mawe ikitwanga bati,
na Bwana Lihanda, msimamizi, akipita kati ya madawati
kwa viatu vipya vilivyolia kama vifaranga.

Nikaandika: njia ya waendao kwa miguu msituni.
Nikafuta.
Maana wiki iliyopita Senje aliniuliza nasomea nini,
nikamwambia, kuongoza wageni kwenye treili,
akashika kiuno akacheka:
"Wazungu wazima mtawapakia kwenye trela? Lile la miwa?"

Basi nikaliona, trela la Mumias likipanda kilima,
minyororo ikigongana,
nasi watoto nyuma yake tukichomoa mua mmoja mmoja,
na nyuma yetu makapi meupe
yametapakaa hadi mlangoni kwetu.
Mama hakuuliza nani kaiba.

Kamusi ya maktaba, iliyong'oka jalada,
inasema neno hili lina matumbo kama ng'ombe:
ni njia; ni alama ya kilichokwisha kupita;
ni harufu anayoifuata mbwa;
ni kuburura kitu nyuma yako, kama bibi harusi na gauni lake;
ni kuwa chini mabao mawili kwa nunge, dakika ya themanini.

Lakini hii wanayoiita treili namba tatu,
yenye vishale vya manjano kwenye magome
na kibao kisemacho *saa moja na nusu, rahisi*,
haikuchorwa na mtu wa ramani.
Ilichongwa na visigino.
Visigino vya Muhonja, vya Khatenje, vya mama yangu Shitawa,
alfajiri, askari wa msitu hajafunga kamba za buti,
kuni zikididimiza shingo mabegani.
Haikuwa na namba. Iliitwa *kule*.
Mama yuko wapi? Ameenda kule.

Wala haikuwa rahisi.

Siku ile gogo lilipomponda mguu
giza liliingia hajarudi.
Nikachukua tochi, betri zake nimezianika juani mchana kutwa,
nikaingia.
Kwenye matope: unyayo mmoja mzima,
na kando yake mfuo, mrefu, kama wa jembe lililoburutwa.
Unyayo, mfuo. Unyayo, mfuo.
Sikuita. Nilisoma.
Mwandiko mbaya, lakini mwandishi yu hai.
Nilimkuta kwenye mizizi ya mkuyu,
ameketi juu ya mzigo wake ili usiibwe,
akanigombeza kwa kutembea usiku bila viatu.

"Dakika tano," akasema Bwana Lihanda.

Karatasi ilibakiza mistari miwili.
Wa kwanza nikawapa walichotaka:
njia iliyotengwa kwa ajili ya watalii.
Wa pili, sentensi:
*Mama alipita hapa akiburura mguu, nami nikamfuata.*

Nilipata alama tatu kati ya tano.
Pembeni, kwa wino mwekundu:
sentensi nzuri, lakini haina neno treili.