Kwa Hayupo

Ukishuka Buzebazeba kwa njia ya mashine ya kusaga
uliza Kwa Hayupo. Hata mtoto atakupeleka.
Si nyumba, si duka. Ni kiwanja
chenye bikoni nne na mwenyewe hajulikani,
na kwa vile kila karani wa kodi aliyemuulizia
aliambiwa hayupo,
jina likabaki.

Mimi nimepanga chumba mkabala.
Miaka kumi na mmoja natia uzi kwenye sindano
kwa mwanga unaotoka huko.
Mwenye nyumba hajaupandishia kodi. Hajui kama naulipia.

Usiniletee habari ya bustani.
Bustani ina geti na bango la usikanyage majani.
Hapa tunakanyaga. Vijia vitatu vimechongwa na visigino:
cha bombani, cha msikitini,
na kimoja kinachopindapinda bila sababu,
cha Buchumi akitoka kilabuni.

Kuna mchikichi. Hakuna aliyeupanda;
labda ndege, labda kokwa iliyomponyoka mtu
zamani za foleni za sukari.
Mkungu ukiiva hatuulizani ni wa nani,
tunaulizana ni zamu ya nani.
Msimu uliopita Mwamini alikamua lita mbili za mawese,
zikawa daftari sita na soksi za shule.

Matembele ya Bi Asumini yametambaa
hadi bikoni ya mashariki, yameimeza kabisa.
"Serikali ikitaka jiwe lake," husema,
"itafute kwa mkono. Ikishika jani, ichume mboga."

Lakini pale nyuma ya kichuguu,
penye majani mabichi kupita kiasi, usikanyage.
Ntahondi alizika pale mtoto wa siku mbili,
mwaka mvua zilipokata njia ya makaburini.
Hatukuandika popote.
Mbuzi tunawafunga mbali.

Jumanne akaja kijana wa viatu vyeupe,
futi kamba begani, karatasi ndani ya nailoni.
Alipiga hodi nikiwa na pini mdomoni.
"Samahani mama, hiki kiwanja mnakiitaje?"
Nikazitoa pini moja moja.
"Kwa Hayupo."
Akacheka. Halafu akaacha kucheka.
"Ni babu yangu. Tumemzika Morogoro mwezi wa pili.
Alikuwa wa reli. Alikinunua kwa baiskeli na redio,
wiki ileile akapata uhamisho."

Basi aliyekuwa hayupo
sasa hayupo kweli.

Watoto waligombania kumshikia ncha ya futi.
Wanakimbia nayo, wanaivuta ikaze,
wanapiga kelele namba wasizozijua.
Bi Asumini aliyafunua matembele mwenyewe,
polepole, kama anavyofunuliwa maiti uso
ndugu waliochelewa wapate kumwona.

Futi ikapita juu ya kichuguu
na juu ya yale majani,
ikaning'inia kidogo, ikatikiswa na upepo wa ziwani.
Hakuna aliyesema.
Ntahondi alikuwa mlangoni kwake, ungo mikononi,
hapeti.

Mita ishirini kwa ishirini na nane.
Nilidhani ni kikubwa zaidi.
Mimi fundi, nimepima viuno na mabega maisha yangu yote,
sijawahi kuona nguo ndogo hivyo
ikivaliwa na mtaa mzima.

Aliondoka na fungu la matembele.
Alitaka kulipa, Bi Asumini akamrudishia mkono:
"Ya babu yako hayo."
Hakusema anajenga, hakusema anauza.
Alisema tu tumsaidie kuangalia.

Tunaangalia.