Upande wa Kushoto

Kilomita laki nne na kumi na mbili,
na kila Aprili, theluji ikiyeyuka,
barabara ya Amos hufumuka kama mshono wa gunia.

Ghislaine anaigandamiza boneti kwa viganja viwili.
Gari linainama, linainuka, linainama tena,
ndiyo, ndiyo, ndiyo,
kama mtu anayeitikia bila kusikiliza.

Shokapu zimekwisha. Mafuta yalishavuja zamani,
yakachora mstari mweusi hadi kwenye nati
iliyofungwa na chumvi ya majira ishirini ya baridi.
Anapuliza dawa ya kutu. Anangoja. Anatukana kidogo.
Anachomeka bomba kwenye mpini wa spana,
analilalia kwa uzito wake wote,
nati inalia,
halafu inakubali.

"Toa uso hapo," anamwambia Loïc, mtoto wa kaka yake,
springi ikiwa imebanwa baina ya vyuma.
"Hiyo imelala tu. Haijafa."

Jioni wanashusha jeki,
wanarudi nyuma hatua tatu, wanalitazama.
Miaka kumi na minne upande wa kushoto ulikuwa chini,
pale alipokaa Réjean, babake Loïc, mkata magogo, pande la mtu,
akibangua karanga, akitupa maganda sakafuni.
Sasa gari limesimama sawasawa,
kama halikuwahi kumbeba.

Loïc anafuta mikono, hasemi kitu.

Ghislaine anaingia, anafunga mlango.
Chini ya klachi soli yake inavunja ganda moja.
Anawasha injini,
anaingia barabarani polepole,
anatafuta shimo.