Deni la Ukutani

Tulikabidhiwa funguo tatu. Wa nne
tuliupata wenyewe, juu ya fremu ya mlango wa jikoni,
umefungwa kwa uzi wa nailoni. Haufungui kitu.
Nimeujaribu hata kwenye kufuli la baiskeli ya jirani.

Aliyetuuzia, mtoto wa marehemu Egessa,
aliapa kwamba ameondoa kila kitu,
akatia saini, akapanda basi la Kampala.
Akatuachia nyuki darini,
kiatu kimoja cha kushoto cha mtu wa mguu mkubwa,
meno ya bandia ndani ya kopo la Kimbo
(mke wangu alipiga yowe hadi forodhani wakasikia)
na paka asiyetaka kujua kwamba tumenunua.

Jumamosi nikasogeza kabati la chumba cha mbele,
lile zito, ambalo Egessa alilitengenezea humo humo
likawa halipiti mlangoni.
Ndoo ya rangi iko wazi, brashi mkononi.
Nyuma yake, ukutani, mwandiko wa penseli:

Nabwire, chumvi, mafuta ya taa chupa moja.
Fundi Barasa, sigara mbili.
Sigara mbili.
Sigara mbili.
Mwalimu Were, kalamu, mwisho wa mwezi.
Padri, kiberiti.
Taaka, sukari nusu kilo, ana mgeni.

Kumbe palikuwa duka. Hatukuambiwa.
Ndipo nikaelewa kwa nini dirisha lile ni pana kuliko adabu,
na kwa nini sakafu imebonyea mahali pamoja tu,
pale mtu aliposimama miaka akipima vya watu.

Kila jina limepigwa mstari. Hata Barasa, hata Padri.
La Taaka halijapigwa.

Busia habari haisubiri rangi ikauke.
Saa kumi jioni bibi mmoja akapiga hodi,
kitambaa kichwani, kimfuko kwapani.
"Mimi ndiye Taaka. Nasikia bado nimo."

Akausogelea ukuta mpaka pua ikagusa chokaa,
akalisoma jina lake polepole kama barua ya mahakama.
"Ana mgeni! Kweli aliandika?"
Akacheka, akajishika kiuno.
"Mgeni mwenyewe alikuja kuposa.
Akanywa vikombe vinne, akaaga vizuri,
mpaka leo hajafika kwao.

Wiki ile ile serikali ikabadilisha pesa, ikakata sifuri mbili.
Nikaja na noti zangu. Egessa akazigeuza, akazigeuza,
akasema, Taaka, hata sijui nakudai au unanidai.
Nenda, tutapiga hesabu kesho."

Kesho hiyo ina miaka thelathini na ushei.

Akatoa mfuko, akauweka dirishani, si mezani.
"Pesa walizikata. Nusu kilo hawajaikata."

Nikamwambia mimi si Egessa, si ndugu yake,
nilinunua nyumba, madeni sikununua.
"Ukuta huu wa nani?"
"Wangu."
"Basi kata."

Nyumba nzima haikuwa na penseli.
Mke wangu akaleta kalamu yake ya wanja.
Nikavuta mstari, mkono ukitetemeka kidogo,
kama karani siku yake ya kwanza.
Taaka akaukagua mwanzo hadi mwisho.
Ndipo akakubali kukaa, akakubali chai.
Sukari akaikataa. Daktari, alisema, amemkanya.

Nimepaka kuta tatu.
Kabla ya kurudisha kabati nilipiga magoti kufagia,
nikauona mmoja tena, chini kabisa karibu na sakafu,
mwandiko ule ule, penseli ile ile:

Egessa, soda moja, jua kali.

Haukukatwa.
Kalamu ya wanja ningali nayo mfukoni.
Paka ameketi pale dirishani, ananitazama.