Mkanda wa Ndekirwa

Pale Pasua, kibandani kwa Ndekirwa,
tiketi kipande cha boksi la sigara,
tuliutazama mara kumi na tisa
ule mkanda wa kijana wa bendi ya roki.
Kiingereza hatukukijua. Alipozabwa kofi na babaye
sote tulishika shavu.
Nje, Elinami akalicharaza fagio la chelewa.

Penye solo picha ilijaa mistari:
ndipo tulipomsihi Ndekirwa arudishe, arudishe,
hadi utepe ukachubuka.

Jana Elinami kanitumia filamu nzima, safi,
kwa simu. Nikaitazama jikoni, mtori ukiungua.
Kijana bado ana miaka kumi na sita.
Solo ikapita bila mkwaruzo hata mmoja.

Nikairudisha.
Nikairudisha tena.
Haichubuki.