Hesabu ya Chupa

Miaka sita nilikuwa mtu wa mlangoni.
Ndosho, Birere, Majengo, popote simu ilikotuita
tulifika, mimi na Mapendano dereva,
gari likirukaruka juu ya mawe ya volkano
kama maharage chunguni.
Ziba damu, inua, pakia, kimbiza.
Mlango wa dharura ukifunguka, mikono mingine ikipokea,
mimi hubaki na machela tupu
na ndoo ya kuioshea.
Alipona? Nani ajuaye.
Wa mguu, tulisema. Yule wa moto.
Majina hayakuwahi kutufikia.

Nikauza pikipiki nilipe ada.
Nikaketi na vijana walioniita mama,
nikajifunza mapafu
kama mtu anayejifunza upya mtaa
alioupita mbio kila siku.

Sasa naanzia pale nilipozoea kuishia.

Usiku huu ni kijana wa chukudu:
mteremko wa Kibumba, magunia saba ya viazi,
breki ya kandambili ikakatika,
mbavu nne.
Mashine yetu imelala tangu Jumatatu.
Bukavu wanayo. Barabara haipitiki.
Limebaki ziwa.

Chupa: lita kumi, mara mia na hamsini.
Elfu moja na mia tano. Gawanya kwa nane.
Dakika mia na themanini na saba,
naandika kwenye plasta, naibandika pajani.
Saa tatu, asema nahodha, Kivu ikitulia.
Zinabaki saba.
Chupa ya pili ipo, ila mshale wake umekwama;
siwezi kuiapia.

Mapendano alitusindikiza hadi bandarini.
"Huko hakuna king'ora," akacheka,
akaondoka upesi, hakugeuka.
Kweli. Mkono wangu unakitafuta gizani.
Miguu bado yataka kukimbia,
na kazi ni kukaa.
Kidole juu ya mshipa. Pumzi ishirini na nane.
Ishirini na nane.
Thelathini na mbili, kaa.
Thelathini na mbili.
Mama yake ameshika viatu vyake mkononi,
viatu vya mwanawe, kama vitamhitaji.

Idjwi inapita kushoto: taa tatu, kisha hakuna.
Anavuta kinyago pembeni.
"Dada, hili ziwa lina mwisho?"
"Lina."
"Mimi maji nayaogopa."
"Rudisha kinyago."
Ishirini na sita. Nashusha hadi lita saba,
dakika chache nazificha
kama mchele wa mwisho wa mwezi.

Bukavu, mlima umejaa taa, mawimbi yanapiga nguzo.
Mshale umelala kwenye nyekundu.
Muuguzi wa zamu anasoma karatasi kwa tochi:
"Huyu ndiye wa mbavu nne?"

Anaitwa Serugendo, namwambia.
Na kama kuna kitanda kingine,
msimlaze dirisha la ziwani.